Shujaa Aliyekaa Mlangoni Miaka Mitatu

Nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja nilimwahidi bibi yangu jambo moja tu, kwamba atausikia mwisho wa hadithi yangu. Hadithi yenyewe nilikuwa nimeiandika katika kaunta buku mbili nilizozificha chini ya godoro, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzigusa, hata mama akitandika kitanda. Bibi hakujua kusoma, nilikuwa namsomea mimi. Kwa hiyo kwangu alikuwa msomaji salama kuliko wote, maana hakuweza kuona maneno niliyoyakata.

Ilikuwa hadithi ya kijana fundi redio wa hapa Songea, mwenye kibanda Majengo. Siku moja anapigwa shoti, na akizinduka anagundua kwamba vidole vyake vinanasa mawimbi. Anaweza kuiamuru mashine yoyote bila kuigusa. Anazima jenereta kwa kukunja kidole gumba. Anaongea na kompyuta kama mtu anavyoongea na shemeji yake. Adui yake ni tajiri mmoja aliyeingiza shehena ya redio za bei chee, zile ndogo za plastiki nyekundu zilizojaa madukani mara tu biashara ilipofunguliwa. Za tajiri huyu zina sikio ndani. Wewe umekaa jikoni unasikiliza taarabu, kumbe na yeye kakaa kwake anakusikiliza wewe. Siri zote za mji zinamfikia, na kijana wangu peke yake ndiye anayezisikia redio hizo zikinong'onezana.

Naomba nikiri mapema. Kompyuta nilikuwa nimeiona mara moja tu, kupitia dirisha la ofisi moja ya mkoa, tena ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua ya bluu, kama kile cha mama cha juu ya kabati la vyombo. Nikaandika kurasa kumi na nne kuhusu kitu kilichokuwa chini ya kitambaa hicho. Na elimu yangu ya umeme niliipata kwenye kitabu cha ufundi wa redio cha Kijerumani, kilichotoka misheni na kuishia kwa muuza karanga aliyekuwa anakichana kufungia bidhaa. Nilikinunua kikiwa kimepungukiwa theluthi. Kijerumani sikijui hata neno. Nilikisoma kwa kutazama michoro, kila jioni, kwa miezi minane, na mpaka leo naweza kukuchorea kipokeo cha redio ambacho sijui sehemu zake zinaitwaje.

Kwa ujinga wa namna hiyo mtu angetegemea niandike haraka. Lakini mimi ndivyo nilivyo, nikishajua kwamba sijui, napata hofu, na nikipata hofu nanakili upya. Neno moja likiwa baya, nachana ukurasa. Ukurasa ukichanika vibaya, nanunua kaunta buku nyingine na kuanza mwanzo. Sura ya kwanza niliinakili mara kumi na moja. Sura ya tatu iliishia kijana akiwa ameshika komeo la mlango wa nyumba yao, tayari kutoka kwenda kupambana na tajiri, na hapo ndipo nilipokwama. Nilitaka kwanza nijue kwa hakika kila kidole kinabeba volti ngapi. Nilipiga hesabu, nikazifuta, nikazipiga tena. Kijana akabaki mlangoni miaka mitatu.

Bibi aliishi na sisi pale Mjimwema, chumba cha uani, na kila nilipompelekea uji aliuliza.

"Mume wangu, yule kijana ametoka nyumbani?"

"Bado, Bibi. Naiweka sawa."

"Anaogopa mbwa?"

"Haogopi kitu, Bibi. Ana nguvu za ajabu."

"Nguvu za ajabu, na mlango umemshinda." Anakunywa uji. "Basi mwambie avae sweta, nje baridi."

Nilicheka, nikarudi kwenye volti zangu. Nilidhani muda upo. Bibi alilalamikia magoti tu, na magoti si ugonjwa wa kuua mtu. Lakini Juni ile kifua kilimbana siku tano, siku ya sita asubuhi akafariki, na kijana wangu bado ameshika komeo.

Sitaelezea mazishi. Nitaelezea siku ya tatu, siku ya kuanua matanga.

Sisi ni Wangoni, na Wahehe ni watani wetu tangu mababu walipochoka kupigana. Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa mama wa Kihehe aliyehamia na mumewe, afisa mifugo. Mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Msiba wetu ulikuwa kazi yake. Mtani msibani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mwingine angepigwa kwa kuyafanya. Atazuia sufuria isiinjikwe mpaka apewe kitu, atamuigiza marehemu kwa mwendo na sauti, ataingia ndani na kuchukua anachotaka, na wewe unatakiwa ukikomboe. Kukasirika hairuhusiwi. Siku ya mazishi alikuwa amekwishachukua kofia ya baba mkubwa na kuirudisha kwa kuku.

Asubuhi ile ya tatu wanawake walikuwa wanachambua maharage karibu na moto, wanaume wamekaa kwenye mabenchi chini ya turubai, mimi nabeba maji. Nikamwona mama wa Kihehe anatoka mlango wa chumba changu. Amejifunga khanga ya Bibi, ile ya zambarau, amejitanda nyingine kichwani kama Bibi, na kwapani ana kaunta buku zangu mbili.

Ndoo iliniponyoka. Sikuongeza chumvi hapo, iliniponyoka kweli, na baba mdogo mmoja akalowa soksi.

"Jamani, Wangoni wala panya!" alisema. "Huyu mjukuu wenu analalia vitabu kama kuku. Mimi nilikuwa natafuta blanketi."

"Mama, naomba," nilisema. "Hivyo havijakamilika."

"Hata bibi yako hajakamilika, ametuachia magoti yake." Akakaa kwenye kigoda cha Bibi, akafungua, akaanza kusoma kwa sauti.

Nilitamani ardhi ipasuke. Alisoma shoti, alisoma vidole, alisoma redio zenye masikio. Hakusoma vizuri, aliruka mistari na kunyoosha maneno yangu ya kifahari mpaka yakawa maneno ya watu. Nilikuwa nasikia kila kosa. Lakini maharage yalikuwa yamesimama, mikono ya wanawake imetulia kwenye nyungo, na mzee mmoja akauliza, "Hizo redio nyekundu ni zile za dukani kwa Mpemba au za sokoni?"

"Ni hadithi tu, babu," nilisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nimeshanunua, ndiyo maana nauliza."

Mama wa Kihehe akafika kwenye komeo. Akafungua ukurasa uliofuata, mweupe. Akafungua mwingine. Akachukua daftari la pili, akakuta hesabu za volti, kurasa na kurasa.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo, mama. Huu ni mwaka wa tatu."

"Mkulima anapanda mara tatu anavuna mara tatu, huyu bado anafungua mlango!"

Wakaangua kicheko, na mama yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu Jumatatu, akajifunika uso kwa khanga mabega yakitikisika. Baba mkubwa akasimama. "Mtani, mrudishie kijana vitabu vyake. Tutakupa kuku."

"Kuku tumemla jana. Nataka mwisho."

"Mwisho haupo," nilisema.

"Basi daftari zitawasha moto wa maharage." Akazinyoosha juu ya mafiga. Nilijua hangezichoma. Nilijua pia kwamba nilikuwa sijui.

Mwanamke mmoja mwenye ungo akaniokoa, au akanimaliza. "Kwanza mimi nina swali," alisema. "Huyu kijana nguvu zake ni za umeme. Umeme ukikatika anakuwaje?"

Miaka mitatu ya hesabu. Niliishi katika mji unaowashwa kwa majenereta ya dizeli, tulikuwa na umeme kwa zamu kama wagonjwa wa zahanati, nilikuwa naandika hadithi hiyo kwa koroboi mara nne kwa wiki, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba umeme wa shujaa wangu utakatika.

"Anakuwa mtu wa kawaida," nilisema mwishowe.

"Basi ukate!" alisema mama wa Kihehe. "Ukate sasa hivi."

"Umeme umekatika," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayejibu mahakamani. "Yuko gizani. Hasikii mawimbi yoyote."

"Sasa anakaa gizani kufanya nini? Atoke!"

Nikamtoa. Hivyo tu, bila volti. Akafungua komeo akatoka. Lakini alipofika nje, nikakumbuka kwamba zile redio zinatumia betri, kwa hiyo bado zinasikiliza, na yeye hana tena kidole cha kuzizimia. Ikabidi apite nyumba kwa nyumba kuwaomba watu watoe betri. Na huwezi kupiga hodi nyumba ya mtu Mjimwema ukaomba betri ukaondoka. Wasikilizaji walinikumbusha hilo kabla sijasahau. Kila nyumba kijana aliamkia, akaulizwa wa ukoo gani, akanyweshwa chai. Mzee mwenye redio nyekundu alidai kwake apewe muhogo. Nikampa. Nilikuwa nakosea majira ya vitenzi, narudia "halafu" kama mtoto wa darasa la pili, na hakuna aliyenizuia.

Kisha mama wa Kihehe akavuta khanga ya zambarau mbele kidogo, akaweka mikono yote miwili magotini, akainamisha kichwa upande wa kushoto. Alikuwa Bibi.

"Na kwangu hafiki?" aliuliza kwa sauti ya Bibi.

Baba mkubwa akanisukuma begani taratibu. "Piga hodi," alisema.

"Hodi."

"Hodi moja tu? Mwizi wewe?"

"Hodi, hodi, Bibi."

"Karibu. Shikamoo yangu umeiacha wapi?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, nimekuja kuomba betri za redio yako."

"Uzipeleke wapi? Nimezianika juani juzi, ndiyo kwanza zimepata nguvu. Nikizikosa, matangazo ya vifo nitayasikiaje?"

"Bibi, hiyo redio inakusikiliza. Kila unachosema tajiri anakisikia."

"Mwache asikilize. Wanangu hawanisikilizi." Baba mkubwa akashusha macho, akacheka huku anajifuta. "Wajukuu hawanisikilizi, wako kwenye madaftari. Leo nimepata redio ya kunisikiliza, unataka kuitoa betri?"

Hilo la madaftari lilinipata. Nilisimama pale mbele ya msiba mzima na pua inavuja, na nilijua kwamba siwezi kumshinda. Hata alipokuwa hai hakuna aliyewahi kumnyang'anya kitu. Kwa hiyo nikamwachia.

"Sawa, Bibi. Kaa nayo," nilisema. "Redio nyingine zote za Songea sasa ziko kimya. Imebaki ya kwako tu. Tajiri amekaa na mashine zake, anakusikiliza wewe peke yako."

"Enhe?"

"Siku ya kwanza akasikia habari za magoti. Ya pili magoti. Ya tatu akasikia magoti, na bei ya sukari, na jinsi dawa ya kuchua siku hizi imechanganywa maji. Akangoja siri. Usiku na mchana anangoja siri. Siku ya nne ukaieleza redio habari za goti la kulia peke yake, toka lilipoanza. Ya tano akafunga mashine zake, akakata tiketi ya basi la alfajiri, akarudi alikotoka."

Nilihesabu makosa saba niliyoyafanya. Kisha mzee wa redio nyekundu akapiga paja lake, na kicheko kikatoka kwenye mabenchi hadi motoni, na katikati yake mama yangu sasa alikuwa analia waziwazi, na mama wa Kihehe bado ameinamisha kichwa kushoto.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemshinda?" aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe mwenye nguvu za ajabu ulifanya nini?"

"Nilikunywa chai."

"Ulifanya vizuri," alisema, akanirudishia daftari zangu, akajitoa khanga ya kichwani na kuikunja polepole, mara mbili, kabla ya kumpa mama.

Jioni ile nilianza kuandika yote kama nilivyoyasema. Ilinichukua siku tisa. Mikono iliniwasha kuchana kurasa, na nakiri nilichana mbili. Zilizobaki zina "halafu" nyingi kuliko kitabu chochote kilichowahi kuandikwa mkoani Ruvuma, na kuna kosa moja kubwa ambalo niliendelea kulitazama. Katika kuhangaika na nyumba nilipoteza hesabu, na kijana anaingia nyumba ya bibi yule mara mbili. Mara ya pili bibi hakumbuki kwamba amekwisha kuja. Anamuuliza tena kama amekula, anamimina tena chai, na kijana anakaa tena kwenye mkeka, anainywa yote. Hadithi haihitaji hilo hata kidogo. Sijaligusa.