Jina la Mwisho Kwenye Rejista

Siku ya kwanza darasani, Wambeti Munyi aliketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyepitia tu kuuliza njia. Mimi nilikuwa nimeshafika hapo. Nilikuwa na sababu zangu za kupenda nyuma: miaka arobaini na tatu, miwani, na mkoba wa ofisi ambao sikuwa tena na ofisi ya kuupeleka. Alinisalimia, akauliza kama nafasi ina mtu, akaketi. Alivaa koti la bluu la kazini. Kwenye mfuko wa kifuani, mahali ambapo jina la kiwanda lilikuwa limeshonwa, palibaki mraba wa bluu iliyokolea, na vitundu vya sindano vikiuzunguka. Alikuwa amelifumua jina lile kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na bado kila mtu aliona lilipokuwa.

Mimi naitwa Nelius. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja hapa mjini Embu mpaka wakubwa walipogundua kwamba wanaweza kujipigia chapa wenyewe. Haya ya Wambeti niliyajua kidogo kidogo, mwanamke kwa mwanamke, benchini pale, na mengine niliyaona kwa macho yangu. Ningependa kusema nilifanya zaidi ya kuona.

Alizaliwa upande wa Ishiara, kwenye joto na mbuzi, akaolewa huku juu kwenye majani chai na mwanamume mpole aitwaye Munyi. Miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha chai, kwenye meza ndefu ambapo wanawake huchambua chai kavu na kuondoa vijiti na nyuzi. Vidole vyake vilijua kazi hiyo kuliko macho. Mwishowe akawa msimamizi wa zamu. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yake Wawira, miaka miwili iliyopita, shangazi mmoja alisimama akamtambulisha hivyo, msimamizi, na kila mgeni wa upande wa bwana harusi akaenda nyumbani na pakiti ya chai. Aliniambia hiyo ndiyo siku aliyojiona mtu.

Kisha kiwanda kikanunua mashine yenye jicho la kamera, inayoona kijiti na kukipuliza nje kabla mtu hajakohoa. Wanawake sitini waliitwa uani, wakashukuriwa, wakapewa soda na barua. Wambeti alimwambia mumewe. Wawira hakumwambia. Binti alipopiga simu kuuliza habari za kazi, mama alijibu kwamba kazi ni kazi tu, na huo haukuwa uongo hasa, ila ulikuwa uongo.

Serikali ilikuwa na mpango wa kuwafunza upya watu waliopunguzwa kazi. Karo ingelipwa, nauli kidogo ingetolewa, na kila mwanafunzi angepewa boksi la vifaa. Sharti lilikuwa moja tu, kuhudhuria. Ushonaji ulikuwa umejaa, upishi umejaa, kwa hiyo karani wa chuo akatuandika sisi wawili kwenye ufundi wa stima bila kutuuliza kama tunaogopa kupigwa nayo.

Basi siku hiyo ya kwanza mwalimu akaingia. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi, rejista kwapani. Wambeti aliinama chini ya meza. Nikadhani ameangusha kalamu. Alikaa huko hata nikainama pia.

"Mama, uko sawa?"

"Huyo ni muthoni wangu," akanong'ona. "Ndiye ameoa Wawira wangu."

Kwa ambaye hakulelewa kwenye miteremko hii, nitaeleza kwa ufupi. Muthoni ni mkwe, na mama mkwe na mume wa bintiye huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja hupisha, na jina la mama mkwe halitoki kinywani mwa kijana yule hata kidogo. Siku hizi wako wanaowakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha, nami siwalaumu. Lakini Wambeti na Njue, ndilo jina la mwalimu, walikuwa wamelelewa sawasawa na watu wa kale. Ni kazi ngumu hata ukiwa na shamba zima la kukimbilia, sembuse chumba chenye mabenchi kumi na mawili.

Njue alimwona. Nilijua kwa sababu chaki ilimkatikia. Akafungua rejista akaanza kuita majina, na kila aliyeitwa alienda mezani pake, akapokea kalamu mkononi mwake, akatia sahihi. Tuliitwa kwa alfabeti ya majina ya kwanza. Baada ya Nyaga lilibaki jina moja tu, la mwisho kabisa. Njue akalitazama. Akafunga rejista, akageukia ubao, akachora swichi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Na kwa kweli alimfundisha vizuri, ila alimfundisha kupitia kwa Adrian. Adrian alikuwa kijana aliyeketi mbele, mwenye nywele za kusimama. Njue angepita nyuma, aone kosa kwenye ubao wa mazoezi wa Wambeti, ule wa kufungia swichi na balbu, arudi mbele na kusema, "Adrian, mtu akipitisha waya wa bluu kwa swichi, taa itazima vizuri, lakini mwenye kubadilisha balbu atapigwa na stima." Adrian angeangalia kazi yake na kukosa kosa. Huku nyuma Wambeti alikuwa tayari analegeza parafujo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kukemewa makosa mengi asiyoyafanya kama Adrian, na mpaka leo yeye ni fundi mzuri sana. Vifaa navyo havikupita mkono kwa mkono. Njue aliweka koleo kwenye dirisha, akaondoka, Wambeti akaenda kulichukua.

Sisi wengine tulicheka kidogo wiki ya kwanza, kisha tukazoea. Wambeti hakuzoea. Saa ya chai alikunywa yake nyuma ya stoo.

"Naona aibu, Nelius," aliniambia siku moja. "Si ya kusoma. Kusoma si wizi. Ni vile ananiona nikiulizwa kitu na sijui. Hao watu wao walibeba majani yangu ya chai wakasema mama wa Wawira ni mtu mkubwa."

"Si utamwambia tu Wawira?"

"Nitamwambia nikimaliza. Nikiwa na karatasi mkononi."

Wiki ya tatu nilimuuliza kuhusu sahihi. Alisema mwalimu anamwekea mwenyewe. "Hawezi kuniita, na mimi siwezi enda pale kwa meza yake. Yeye anajua." Nikaona ni jambo la maana, nikaacha. Kitu kimoja tu kilinishangaza: kila siku saa nne Njue aliiacha rejista wazi mezani, kalamu juu yake, akatoka nje na kukawia. Nikamwita mzembe moyoni.

Wiki ya sita akaja Kanana. Alikuwa afisa wa mpango, mwanamke wa Meru mwenye sauti ya kanisani, na alibeba karatasi iliyotoka kwenye kompyuta. Alitwambia ametoka chuo kingine ambapo mwalimu mmoja alikuwa hajali rejista, na kwamba mwalimu huyo sasa yuko nyumbani kwake analima. Njue alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja unaoisha Desemba. Sote tulijua. Akasimama kando ya ubao na chaki yake.

"Nitasoma wenye wako chini ya robo tatu," Kanana akasema. "Hao programu imewatoa. Kuna watu wengi huko nje wanangoja hizi nafasi."

Walikuwa wanne. Watatu walikuwa wameacha kuja kitambo.

"Wambeti Munyi. Siku ishirini na tisa, sahihi hakuna hata moja. Kuna mtu anamjua?"

Nataka kusimulia sehemu hii bila kujipamba. Nilimjua. Tulikuwa tumegusana viwiko kwa siku ishirini na tisa. Lakini katika zile sahihi zangu, mbili zilikuwa za uongo. Adrian aliniwekea saa nne, rejista ikiwa wazi mezani, nilipokwenda Kibirichia kwa mama yangu, mimi nikiwa nimejifunga skafu nachagua viazi naye darasani ananiandika Nelius. Nikafikiri Kanana akianza kuuliza nani alikuwapo na nani hakuwapo, atafika kwangu. Nikaitazama meza. Na Adrian akaitazama yake.

Wambeti akasimama. "Ni mimi."

"Kumbe uko! Mama, ulikuwa wapi wakati huu wote?"

Hapo alikuwa na jibu moja la kweli, na jibu hilo lingempeleka Njue nyumbani kulima, pamoja na Wawira. Niliona akilipima. Huyu ni mama anayeshika funguo za kanisa lao. Hata bei ya kuku hakuwahi kudanganya.

"Nilikuwa shamba," akasema. "Nilikuwa napanda. Leo ndio nimekuja."

Kwenye ukuta nyuma yake ubao wake wa mazoezi ulikuwa umewaka balbu tatu, ndio uliokuwa safi kuliko yote, na hapakuwa na mtu wa kusema ni wa nani.

"Siku ya kwanza, wiki ya sita," Kanana akasema, akiandika. "Haya, mama. Rudisha boksi ya vifaa hapa kwa mwalimu, utie sahihi umerudisha."

Wambeti aliinua boksi lake. Kutoka benchi letu hadi meza ya Njue ni hatua kama kumi na tano, na hakuwahi kuzipiga. Alizipiga akiwa ameshusha kitambaa mpaka kwenye nyusi, uso ameuelekeza dirishani, na mraba ule wa bluu kifuani ukitangulia. Alipofika aliliweka boksi chini, si mezani, akapiga magoti kulifungua ili Kanana ahesabu. Mpini wa koleo ulikuwa umechakaa rangi. Testa ilikuwa imefungwa utepe mahali ilipopasuka. Kanana alilishika koleo, akaligeuza, akamwangalia.

"Wambeti Munyi."

Si Kanana aliyesema. Njue alikuwa amegeukia ukuta, mgongo kwetu, na alilisema jina lile kama mtu anayetapika kitu. "Wambeti Munyi amekuja kila siku. Zote ishirini na tisa. Ni mimi sikumwita. Ni mama ya bibi yangu, siwezi… sikuweza. Ile bodi ya balbu tatu ni yake."

Wambeti hakuinuka. Alijifunika uso kwa kitambaa chote, pale pale sakafuni kati ya bisibisi na nyaya, akalia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Mtu angedhani ametukanwa. Na kwa malezi yake alikuwa ametukanwa, mbele ya watoto, na aliyemtukana alikuwa anamwokoa.

Njue alinieleza baadaye, kupitia kwa Wawira. Kila siku aliona kile kisanduku kitupu kwenye rejista. Asingeweza kughushi sahihi. Akawa anaiacha wazi saa nne ili mama mkwe apite aiandike, naye mama mkwe asingegusa kitu cha muthoni wake hata kingekuwa cha dhahabu. Angeweza kumtuma Wawira amwambie, lakini Wawira hakujua mama yake amepoteza kazi, na Njue hakutaka kuwa wa kwanza kumvua nguo. Basi akangoja. Wote wawili walingoja kwa adabu mpaka Kanana akafika.

Kanana naye ni binti wa watu. Alitoka nje kwa muda, akarudi macho mekundu, akasema Wambeti abaki na kwamba ataandika ripoti. Hakusema ataandika nini.

Asubuhi iliyofuata Njue akafungua rejista. Baada ya Nyaga akakohoa, akaita jina la mwisho. Hakuna aliyekuwa amepanga, lakini wote, Adrian akiwa wa kwanza, tuliinama na kujifanya tunafunga kamba za viatu mpaka tuliposikia hatua zake zimerudi benchini. Tulifunga kamba hizo kila siku mpaka Novemba. Mimi huvaa ndala.

Desemba mkataba wa Njue haukufanywa upya. Sasa anauza nyaya na balbu katika kibanda kando ya barabara ya Runyenjes. Wambeti alipata karatasi yake, akaipeleka kwa Wawira ikiwa ndani ya Biblia, akamwambia yote. Wawira alikuwa ameshajua.

Siku hizi tunafunga stima kwenye nyumba za watu, yeye na mimi. Yeye ndiye fundi. Vidole vile havijasahau kazi. Mimi hushika ngazi. Hajawahi kuniuliza kwa nini siku ile nilitazama meza, ingawa aliketi karibu nami kiasi cha kusikia nikimeza mate. Nimengoja mwaka mzima aniulize, na maneno ninayo. Yeye hupanda, hufunga taa, hushuka polepole akinishika begani, na kila anapokanyaga chini huniambia, "Asante, Nelius, umenishikia vizuri."