Kiu ya Mishi

Ipo siku moja, mwanangu, natamani niirudie japo ilianza kwa machozi. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni mama kijana hapa Msambweni. Mume wangu alikuwa kazini kwenye reli, Mackinnon Road. Mtoto wetu wa kwanza, Bakari, huyu mnayemwona leo na mvi na kitambi chake, alikuwa hata kutambaa hajajua. Akashikwa na tumbo la kuharisha.

Majirani hawakukawia. Wakanong'ona kwamba mtoto kabemendwa, yaani mama amelala na mwanamume hali ananyonyesha, na maziwa yameharibika. Na mume wangu yuko mbali! Ulimi hauna mfupa. Mavyaa, mama wa mume wangu, hakunishutumu hata kwa jicho, Mungu amrehemu. Lakini aliishika ada ya wazee: mtoto asinyonye wala asipewe maji, kwa kuwa kila akinywa huharisha. Tangu asubuhi Bakari alikuwa akilamba midomo, nasi tunamtazama tu.

Baada ya adhuhuri mavyaa akanichukua mpaka duka la dawa la Mzee Hamadi, aliyekuwa dresa, msaidizi wa daktari hospitalini, kabla ya kuzeeka. Alikuwa mkali mzee yule, na ukali wake nautamani mpaka leo.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia. "Naomba dawa ya kufunga tumbo."

"Marahaba. Tumbo si gunia tukalifunga." Akaifinya ngozi ya tumbo la Bakari, akaitazama inavyorudi polepole. "Akilia anatoa machozi? Amekojoa lini?"

Nikainama kwa haya, nikamwambia, "Watu wanasema kabemendwa."

"Sikukuuliza watu. Mtoto huyu ana kiu. Maji yanamtoka, na nyinyi hamrudishi. Mnyonyeshe papa hapa."

Nikageukia ukutani, nikajitanda leso. Bakari alinyonya mpaka nikalia. Mke wa mzee akaleta maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye sukari na chumvi kidogo tu, tukamnywesha kwa kijiko, polepole. Mzee akanieleza nimpe pia uji mwepesi wa mchele, na maji ya dafu. Akasema, "Akishindwa kunywa, au ukiona damu, usije kwangu. Kimbilia hospitali."

Hapo mavyaa akakaa chini sakafuni.

"Basi Mishi wangu alikuwa na kiu tu?"

Mishi alikuwa kitinda mimba wake, aliyekufa kwa tumbo hilo hilo kabla mimi sijaolewa, akiomba maji. Ukali wa Mzee Hamadi ukamwisha. Akamwambia, "Hukujua, dada yangu. Ulifanya ulivyofunzwa."

Jua halijatua, Bakari akaniroweshea leso kwa mkojo. Mavyaa alicheka huku machozi yanamtoka. Tuliporudi nyumbani akasimama uani, akawaambia majirani, "Mjukuu wangu alikuwa na kiu. Mwenye neno jingine na aje aniambie mimi." Hakuja mtu. Tangu siku hiyo, kila aliposikia mtoto wa mtu anaharisha, alijitanda akaenda na birika lake la uji, hata kwa wale wale walioninong'ona.

Nimemkumbuka mno. Siku hizi yapo maduka ya dawa mpaka Ukunda, na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki. Nashukuru. Lakini birika lile silioni tena mlangoni.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto akiharisha, usimnyime ziwa wala maji kwa kuogopa midomo ya watu, wala usitake dawa ya kumfunga. Mrudishie kinachomtoka, na muuza dawa akikuuliza, mjibu kweli. Mungu akulindie wanao, akupe na mavyaa kama wangu, wala asikufikishe kuuliza swali lile aliloliuliza sakafuni.