Boti ya Betri Msimu wa Senene

Mimi ni mtu wa nchi kavu. Nimezaliwa Kanazi, katikati ya migomba na mibuni, na ziwa nililijua kama kitu cha kutazamwa kwa mbali ukiwa unakwenda mjini Bukoba. Sisi watu wa kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, tuna kiburi chetu. Mtu asiye na mgomba wake wala mbuni wake tunamwona kama hana pa kuegemea, na watu wa visiwani ndio hao. Kwa hiyo mdogo wangu alipoolewa na mwendesha boti wa kisiwa kimoja huko Muleba, mama yetu alilia kama vile amefiwa na binti. Mimi niliapa kwamba mguu wangu hautakanyaga mtumbwi. Siku hizi nimeshakanyaga mara nyingi hata nimeacha kuhesabu. Naogopa maji mpaka kesho na kuogelea sijui, ila udadisi wangu unaushinda woga wangu kila mara.

Kilichonitoa nyumbani mwaka huo ni simu ya mdogo wangu. Alisema, "Dada, shemeji yako ameuza injini. Sasa tunatembea kwa betri."

Niliuliza betri ya nini. Akasema betri, kama ya simu, ila kubwa. Nikafungasha begi kesho yake.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mradi uliotaka kujaribu injini za umeme kwenye boti za abiria. Shemeji alikubaliwa, lakini ilibidi naye achangie sehemu yake, ndiyo maana akaiuza ile injini ya petroli aliyoitumia tangu ujana. Sharti lilikuwa moja: abiria wakiizoea mpaka mwisho wa msimu wa mvua, injini itabaki kwake. Wakiikimbia, itahamishiwa mwalo mwingine, gati jingine la boti. Na hapo ndipo mdogo wangu alipokuwa anakosa usingizi, kwa sababu mumewe hakuwa na injini nyingine ya kurudia. Angerudi kuwa kibarua kwenye boti ya mtu, umri ule, na watoto wako shule.

Siku ya kwanza kupanda nilikaa nyuma kabisa, karibu na shemeji, nione kila kitu. Injini ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Waya mnene ulitoka humo ukaingia kwenye masanduku mawili yaliyofungwa kwa mikanda chini ya benchi. Kwenye mpini kulikuwa na kioo kidogo chenye vimstari vya kijani, na shemeji akanieleza kwamba hivyo vimstari ndiyo chakula cha injini, vikipungua chakula kinapungua. Halafu mkono wake ukaenda nyuma kutafuta kamba ya kuvuta. Kamba haikuwepo. Akacheka mwenyewe, akabonyeza kitufe, na boti ikaondoka.

Nasema ikaondoka kwa sababu sikusikia chochote. Nilikuwa nimekaza meno kungoja ule mngurumo na moshi unaokwenda moja kwa moja tumboni, nikashtukia gati liko mbali. Nilisikia maji yakipasuka mbele ya boti. Nilisikia kuku wa abiria mmoja akikoroma ndani ya kapu. Sikujua kuku hukoroma.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni watu. Abiria wa boti ya petroli wamezoea kupiga kelele, maana usipopiga kelele jirani yako hakusikii. Sasa injini imenyamaza na wao hawajanyamaza. Mama mmoja muuza mitumba, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, alikuwa anamweleza mwenzake mambo ya ndoa ya binti yake, na boti nzima tukayapata kuanzia uchumba mpaka ugomvi. Alipogundua watu wote wametulia wanamsikiliza alikasirika, akamgeukia shemeji. "Wewe, hii injini yako ni ya kuumbua watu!"

Mzee mmoja aliyekuwa anatoka Ngenge kumwona mwanawe aliuliza kama umeme ule hautamwagika ziwani ukaua samaki. Wengine wakamcheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nataka kuuliza hilohilo. Shemeji akaingiza mkono majini karibu na injini, akauacha humo kwa muda, kisha akautoa na kumwonyesha. Mzee aliutazama mkono mbele na nyuma, akasema, "Haya, waitu, ndugu zangu, twende."

Hata hivyo, wasiwasi ulikuwepo, na haukuwa wa kijinga. Petroli ikiisha katikati ya ziwa, boti nyingine inaweza kukumiminia kidogo kutoka kwenye dumu lake. Chaji nani atakumiminia? Swali hilo lilikuwa midomoni mwa watu wote mwaloni, na wenye boti za petroli walilipenda sana.

Niliporudi tena kisiwani ilikuwa Novemba, na senene walikuwa wameanza kushuka.

Asiyetoka kwetu haelewi senene ni nini. Atakwambia ni panzi. Sisi msimu huo hatuna kazi nyingine kichwani. Usiku taa kali zinawashwa, mabati yanasimamishwa juu ya mapipa, wadudu wanaufuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza ndani. Asubuhi kila kibaraza kina watu wanaonyonyoa mabawa na miguu. Na msimu huo huendi ukweni mikono mitupu. Ukienda bila senene ni afadhali usiende.

Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa amepanga safari ya kwenda Kanazi kumwona mama yetu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi. Alikuwa mjane mfupi, mnyoofu, mwanamke wa kanisani kila Jumapili, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kibanda cha sola ambamo betri za boti zilichajiwa. Kazi hiyo aliifanya kwa ukali. Watoto walikuwa hawapiti hata kivulini mwa kile kibanda. Mtu akileta simu ya kuchaji alimuuliza maswali kama anaomba viza. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyohiyo, nami ni mkali.

Nililala mapema usiku ule. Asubuhi niliamshwa na harufu ya senene wa kukaangwa, na nilipotoka nikamkuta mama mkwe anafunga ndoo iliyojaa mpaka juu. Kisiwa kizima kilikuwa kinatafuna. Aliwagawia majirani, akawagawia abiria waliokuwa wanangoja mwaloni, kila mtu kiganja. Muuza mitumba naye alikuwepo, akala, akaomba tena. Sikujiuliza wamepatikanaje, ilhali umeme wa pale ulikuwa umekatika tangu mvua ya juzi yake.

Shemeji alipowasha injini nilimwona anakikodolea macho kile kioo. "Vimstari vichache leo," alisema. "Mawingu haya ya siku mbili." Watu walikwishapanda na mizigo yao, wengine wana hospitali, wengine wana soko. Akapiga hesabu zake kichwani, tukaondoka.

Upepo ulitugeukia baada ya kisiwa kupotea nyuma yetu. Niliona vimstari vikipungua kama mtu anayevifuta kwa kidole. Injini ikaanza kulia kwa kasauti kembamba, ikapunguza mwendo yenyewe, halafu ikakata. Boti ikageuka ubavu, ikaanza kuyumba.

Niliogopa. Sina haja ya kulipamba hilo. Nilishika benchi kwa mikono miwili na nikaanza Salamu Maria, na nilipofika katikati nikasahau maneno.

"Tulisema!" muuza mitumba akafoka. "Tulisema hiki kitu kitatuacha majini! Leo mwisho. Mimi kuanzia leo ni petroli." Wengine wakaitikia. Mtu mmoja akatoa simu, akasema anawapigia watu wa mradi waje wachukue uchafu wao. Shemeji alikuwa amesimama na mkono kwenye mpini, anabonyeza kitufe, anabonyeza tena. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Alisema kwa sauti ndogo, "Sijui imekuwaje. Haijawahi." Mdogo wangu hakuwepo botini, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, kwa kuwa asingevumilia kuuona uso wa mumewe wakati ule.

Hapo mama mkwe akainuka. Boti ilikuwa inayumba na yeye akainuka, ameshika bega langu.

"Betri haina kosa," alisema. "Bojo, tafadhalini, nisikilizeni. Ile chaji iko humu." Akaigonga ndoo ya senene kwa mguu.

Watu wakageuka kuitazama ndoo.

"Umeme ulikuwa umekatika. Nikaona nitakwendaje ukweni? Nikafungua kibanda, nikaunga taa kubwa kwenye betri za mwanangu. Kabla hakujapambazuka nikaizima, ili zipumzike zijirudishie nguvu. Mawe ya redio, zile betri ndogo, ukiyapumzisha juani si yanarudi? Nikajua na hizi zitarudi. Mwanangu hakujua. Injini haikukosea. Nimekosea mimi, na nyinyi nyote mmeila hiyo chaji asubuhi."

Nilimtazama yule mwanamke ambaye hakuruhusu mtoto apite kivulini mwa kibanda, anajivua heshima yake mbele ya boti nzima. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, lawama ingebaki kwenye injini. Nilikuwa na hasira naye, jamani, nilikuwa tayari kumkaba, maana nilijiona nimeshazama. Na hapohapo nilimpenda kuliko siku zote. Machozi yalinitoka.

Mzee mmoja mbele alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo nimekula injini," alisema. Kicheko kikashika watu, isipokuwa muuza mitumba, ambaye alikuwa ameangalia pembeni, na isipokuwa shemeji, ambaye hakumtazama mama yake. Akatoa makasia chini ya mbao, akaanza kuyagawa. Wanaume wakapiga makasia, halafu wanawake wakawapokea. Hata mimi nilipokea kasia, nikapiga vibaya, nikamlowesha kila mtu.

Tulifika mwalo wa nchi kavu jua limeshapanda sana. Habari ilitutangulia, sijui kwa njia gani, simu bila shaka. Wenye boti za petroli walikuwa wamejipanga gatini, mmoja akauliza kwa sauti kama bado kuna senene wa kuendeshea. Shemeji alizibeba betri mpaka kwenye mashine ya kusaga iliyo juu ya mwalo, ambako huwa wanamruhusu achaji, akakaa chini ukutani. Mama yake akamfuata, akamwekea ufunguo wa kibanda kwenye mapaja, naye akaupokea bila kuinua macho. Kisha mama akabeba ndoo yake kwenda kutafuta gari la Kanazi. Mimi ilinipasa niende naye. Nilimwambia nitamfuata baadaye, nikabaki. Nilitaka kujua nani atapanda.

Safari ya kurudi kisiwani huwa alasiri. Boti mbili za petroli zilikuwa zinaita abiria kwa nguvu, na watu walikuwa wanaingia humo na magunia yao. Shemeji alifunga betri zake, vimstari vyote vimejaa, akasimama kando ya boti tupu. Hakuita mtu. Nadhani alishindwa. Nilisimama naye, na nilijisikia vibaya kwa sababu hata mimi sikuwa msafiri, nisingeweza kumfaa kwa lolote.

Muuza mitumba akaja na marobota yake mawili yakiwa yamebebwa na mchukuzi. Akapita boti ya kwanza ya petroli. Mwenye boti akamwita mama, mama, huku. Akapita ya pili. Akaja akasimama mbele ya shemeji, akamtazama juu mpaka chini.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amekwenda Kanazi."

"Na ufunguo?"

Shemeji akautoa mfukoni, akamwonyesha.

"Haya," alisema yule mama, akamwashiria mchukuzi aingize marobota. Yule mwenye boti ya petroli akaanza kumcheka, anamuuliza kama asubuhi hakupiga kasia vya kutosha. Muuza mitumba akamgeukia, na sauti yake ile ikafika mpaka juu kwenye mashine.

"Wewe yako imenizimikia ziwani mara ngapi? Kuna siku umewahi kuniambia kwa nini?"

Akapandisha gauni lake kidogo, akaingia, akaketi benchi la mbele.