Karatasi Ndani ya Kapu

Mpaka leo nikinusa kamba ya usumba iliyoloa, miguu yangu haitulii. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa ghorofani, na kwenye dirisha la jikoni tulikuwa na kapu limefungwa kamba hiyo. Muuza mboga akipita chini, unateremsha kapu, anatia mchicha, unavuta. Sasa mwaka niliovunja ungo, babangu akanitoa shule, ati mimi ni mwari, nikae ndani. Nikakaa, lakini kukaa kwenyewe jina tu. Kutwa dirishani, jikoni, tena dirishani, mpaka mamangu akasema nitamtobolea sakafu.

Rafiki yangu Sakina, binti wa fundi magodoro wa Kihindi mtaani kwetu, yeye aliendelea kusoma. Akitoka shule hupita chini ya dirisha, nami nateremsha kapu, anatia karatasi yenye neno moja la Kizungu na maana zake. Nalala nalo, napika nalo. Hiyo ndiyo shule niliyobaki nayo, na nyumbani hakuna aliyejua.

Siku moja navuta kapu, haliji. Kuchungulia, babangu amelishika, karatasi mkononi, Sakina kajibanza ukutani na mkoba wake. Nikajua babangu keshadhani ni barua ya mwanamume, na kamba itakatwa leo leo. Akapanda ngazi polepole, akanipa ile karatasi.

"Soma."

Nikasoma. Neno lilikuwa springi. Zile za ndani ya godoro, ndizo nilizozijua mimi. Kumbe na chemchemi ya maji ni springi, na kuruka ni springi, na kule Ulaya baridi ikiisha majani yakachipuka, majira hayo nayo ni springi. Chini kabisa Sakina ameandika, mwalimu asema asili ya yote hayo ni moja: kuchomoka kwa ghafla.

"Yote hayo neno moja?"

"Moja, baba."

Akaikunja karatasi, akanirudishia. Alipofika mlangoni akasema, bila kunitazama, "Mwambie aandike herufi kubwa. Ngazini kuna kiza."

Shule sikurudi, nisiwadanganye. Lakini tangu siku ile karatasi zilinifikia zina mikunjo miwili, mmoja wa Sakina, mmoja wa babangu. Na wakati wa kula babangu hunitega maswali ya maneno hayo, kama mtu asiyejali.

Sasa mjukuu wangu yuko chuo, pale karibu na mtaa wa Buxton, hapa hapa mjini. Nikimuuliza neno, simu yake ishajibu hata sijamaliza kuuliza. Nafurahi, wallahi, mtoto wa kike anaingia na kutoka apendavyo, na nikimsikia ngazini mbio mbio simkatazi. Ila mimi kapu langu ninalo bado. Muuza mboga akishatia mchicha, nikishavuta, hupitisha mkono mpaka chini kabisa, kabla sijatoa kitu.