Mianzi ya Kumkwepa Baba Mkwe

Anayetaka kunywa chai yake kwa utulivu asijenge kwenye njia ya mashine ya kukoboa mpunga. Mimi na mume wangu tulijenga. Njia hiyo, hapa pembeni mwa mji wa Kyela, inapita katikati ya baraza yangu na nyumba ya baba mkwe, na kila apitaye na gunia lake ana haki ya kusimama, kusalimu, kuuliza habari za shamba, za watoto, za mgongo, na mwisho kuuliza mkate ule nimeununua duka gani. Mimi ni mtu wa Tanga, salamu tunazijua. Lakini kusalimiwa na mtu anayechungulia ndani ya kikombe changu, hilo lilinishinda.

Nikaamua kupanda mianzi. Fundi aliyetujengea alikataa katakata isipandwe ardhini, akasema mizizi yake ingekuja kuinua sakafu. Basi nikatafuta masanduku. Kule Makwale nilipata saba ya mbao, yaliyokuwa yakivundikiwa kakao, tayari yana matundu chini ya kutolea maji. Mbegu ilitoka Busale, vipande vya shina la chini vyenye mizizi na macho. Nikachanganya udongo na samadi na pumba za mpunga, nikayapanga masanduku ukingoni mwa baraza. Wapita njia wakapata mazungumzo mapya: ulanzi, ile pombe ya mianzi, utaanza kugemwa lini, na je, majirani watakaribishwa?

Mianzi ya kwenye sanduku ina kiu ya mlevi. Nilibeba ndoo asubuhi na jioni, na sanduku la tatu likapasuka ubavu, nikalifunga kwa waya. Baada ya masika mawili nikawa na ukuta wa kijani, sioni mtu wala sionekani. Nilijiona mjanja sana.

Sasa, baba mkwe. Kila asubuhi alikuwa akivuka njia kuja kunywa chai kwangu, na kikombe chake mkononi, maana vyangu alisema ni vya kunyweshea vifaranga. Chai yangu yenye iliki na tangawizi aliiita dawa, kisha akaomba dawa ya pili. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini ndiye niliyemzoea kuliko wote hapa, kuliko hata mume wangu, ambaye alfajiri huwa ameshakwenda kwenye kakao yake.

Mianzi ilipofunga, mzee akaacha kuja. Siku ya kwanza nilidhani ana mafua. Siku ya tatu nilimchungulia: ametoka kwake, amekohoa kwa nguvu, kisha akazunguka mbali kule nyuma ya migomba asipite karibu na baraza yangu. Jioni nikamuuliza mume wangu nimemkosea nini baba yake. Alicheka mpaka akashika mlango asianguke.

Kumbe zamani, kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutazamana. Mwanamke akisikia mkwewe anakuja, huingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, na mimi mtu wa kuja nilisamehewa tangu mwanzo. Lakini mzee ameiona mianzi, akaielewa anavyojua yeye. Amewaambia wazee wenzake kanisani kwamba wanawe wengine wameoa wasichana wa hapa hapa wasiojua adabu, na huyu wa pwani, bila kufundishwa na mtu, amepanda ukuta wa kumstahi mkwewe.

Nilikuwa nimeruka majivu nikakanyaga moto. Nikisema kweli, nimemwaibisha mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza, nimempoteza. Na nilimkosa, sioni haya kusema. Chai ilikuwa haina ladha. Wapita njia nao hawakukoma, sasa walisalimu majani: "Ugonile, mianzi!"

Baada ya wiki tatu nikakata shauri: nitaifyeka, niseme imeingiwa na mchwa. Nilikuwa nimeinama na panga juu ya sanduku la kwanza niliposikia kikohozi upande wa pili. Mzee alikuwa amekuja na kigoda chake, akaketi akiupa ukuta mgongo.

"Mwagonile, tata," nikamsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Kaa hapo hapo ulipo. Hivi tusivyoonana ndiyo vizuri."

Nikakaa sakafuni, panga mapajani.

"Siku mlipooana bomani," akasema, "mimi nilisema mguu unaniuma, siwezi kupanda gari."

"Nakumbuka. Nilikuletea dawa ya kuchua."

"Niliipaka kila siku kwa aibu mpaka chupa ikaisha. Mguu haukuwa unauma. Sikutaka mtu wa pwani nyumbani kwangu. Miaka yote hii nakuja kunywa chai yako nikitaka kukwambia, nikikutazama usoni nashindwa. Sasa umetuwekea adabu hii, nimeweza. Naomba radhi, mama."

Machozi yalinitoka, nikayaacha yatiririke kwa kuwa hakuna aliyeniona. Upande wa pili mzee alikuwa akipenga kamasi polepole, akidhani simsikii. Nikamwambia nimemsamehe, na nilimsamehe kweli.

Kisha nikaona, maadam asubuhi yenyewe ni ya kusema kweli, na mimi niseme yangu, kwamba ukuta ule haukuwa wa adabu hata kidogo. Badala yake nikaenda kulirudisha panga ndani. Mzee sasa anakuja kila siku na kigoda chake, tunazungumza kupita majani, ananiita mkwe mwenye adabu, na mpaka leo sijamwambia.