Rangi za Vifungo vya Baba

Leo kompyuta imenitoa machozi pale Kariakoo.

Chuoni tumepewa kazi: tafuta duka halisi, ingiza bidhaa zake zote kwenye jedwali. Nikachagua la Baba, la vifungo vya nguo.

Yeye anashika kopo la vifungo na kutaja, mimi naandika.

"Vya koti, matundu manne."
"Rangi?" nikamuuliza.
"Bluu."

Kopo la pili, bluu. La tatu, bluu tena. Nikageuka kuangalia.

Kijani kabisa!

"Baba, hivi si kijani?"

Akavipapasa.

"Mwanangu, siku hizi naona ukungu mtupu. Mama yako usimwambie."

Jamani! Kumbe ndiyo maana fundi akija na kipande cha kitambaa, Baba anamsogezea makopo: "Chagua mwenyewe, fundi wangu." Mimi nilidhani ni ukarimu!

Nikaongeza safu mpya kwenye jedwali: "Ukikishika", yaani kifungo kinavyohisika mkononi. Hapo Baba hajakosea hata kopo moja.

Kesho nampeleka kupima macho. Hospitali hataki kuisikia, kwa hiyo nimemwambia tunaenda kuangalia kompyuta ya duka.

Wenye wazee wabishi mnanielewa. Mkipita dukani, msinichomee kwake.