Maria Wawili

Harufu ya kadi za zamani haifanani na harufu ya kitabu cha zamani. Kitabu hunuka vumbi basi. Kadi za wagonjwa hunuka watu: jasho la viganja, moshi wa jikoni, spiriti ya kusafishia vidonda, na ule unyevu wa milimani unaoingia kwenye karatasi ngumu ukakataa kutoka. Juzi walileta maboksi manne ya kadi kama hizo ofisini kwetu, hapa Morogoro mjini, ziingizwe kwenye mfumo mpya. Nilifungua boksi la kwanza, ile harufu ikanipanda puani, nikatafuta kiti.

Gibson, kijana ninayefanya naye kazi, alizitazama akacheka. "Dada Anitha, hii mbona simpo! Tunazipiga skani zote, tunaiachia akili mnemba isome, wiki moja mchezo umeisha."

Nimechoka kujibu. Kila mtu siku hizi ana maoni yake kuhusu mambo haya. Karani dirishani atakuambia mfumo umegoma, kana kwamba mfumo ni punda. Jirani yangu ana programu ya kumkumbusha kunywa maji. Kila baada ya miaka michache kinakuja kitu kipya cha kumaliza matatizo yaliyoletwa na kile cha jana, na tunaitwa semina, tunapewa soda na kalamu. Mimi ndiye ninayeshinda na hizo kanzidata tangu asubuhi mpaka jioni, na mtu akiniuliza maoni yangu huwa namwambia ngoja kwanza ninywe chai. Ninyi nitawaambia, kwa sababu jambo lenyewe nimelibeba muda mrefu na mabega yameuma.

Mama yangu, Felista, alikuwa mtunza kadi kwenye zahanati ya misheni huko juu, kwenye milima ya Uluguru. Kijiji sitakitaja, maana wengi wa wale watu bado wako hai. Baba alikufa nikiwa mdogo sana, kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na yeye, na chumba kimoja nyuma ya zahanati chenye bati lililolia kila mvua iliponyesha. Na kule mvua haina adabu, hunyesha inapojisikia. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na wagonjwa walitokeza ndani yake mmoja mmoja, kwanza kikohozi, halafu mtu.

Mama aliishia darasa la saba. Kadi zake zilikaa kwenye kabati la mbao lenye droo kumi na mbili, lililochongwa na fundi wa pale pale kijijini, na kila droo ilikuwa na namna yake ya kukwama. Kwa sheria zilipangwa kwa herufi. Lakini Mama hakuzitafuta kwa herufi. Mgonjwa alipoingia, alimtazama usoni, akamwamkia au akaamkiwa, akauliza habari za mihogo au za mbuzi, na huku wakiongea mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye droo. Watu kule wanachangia majina. Ukiita Pius sokoni, watageuka saba. "Jina ni la wengi," Mama alikuwa akisema, "mtu ni mmoja."

Maria Mkude walikuwa wawili. Mmoja aliitwa Maria wa Juu, mwembamba, mkulima wa kabichi, mcheshi. Mwingine Maria wa Mtoni, mnene, mpole, anayeongea Kiluguru hata na watu wasiokijua. Mwaka wao wa kuzaliwa ulikuwa wa kukadiria, kama wa watu wengi wa umri wao, na aliyekadiria alikuwa mtu mmoja siku moja, basi akawapa mwaka ule ule. Kadi zao zilitofautiana kwa kitu kimoja. Juu ya kadi ya Maria wa Mtoni, Mama alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: ASICHOMWE PENISILINI.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, kompyuta ikapanda mlima. Ililetwa na mradi fulani, ikabebwa kichwani kutoka pale gari liliposhindwa, imefungwa kwenye godoro kama mgonjwa. Ilifuatana na mtaalamu aliyeitwa Bwana Erasto, aliyevaa viatu visivyofaa kwa matope yetu. Paneli za jua zikafungwa juu ya bati. Kijiji kizima kikaja kuangalia, na kila mtu akatoa maoni. Mzee mmoja aliuliza kama ikishajua jina lake itamfuata mpaka shambani. Wanawake walitaka kujua kama inaweza kusema mtoto ni wa nani, na wanaume wawili watatu wakacheka kwa sauti kubwa kupita kiasi. Sista Koleta, mkuu wa zahanati, alifurahi mpaka akapiga makofi.

"Kompyuta haichoki, haisahau, haina upendeleo," alisema Bwana Erasto. Nilimwamini kama nilivyoamini Kanuni ya Imani.

Mama alifundishwa siku mbili. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akikitazama kila kitufe kama anayechagua mayai. Bwana Erasto alisema kadi zote ziwe zimeingia kabla wakubwa wa mradi hawajaja kukagua, na kama ingeshindikana, watatafuta kijana mwenye cheti. Alisema kwa upole. Mama aliitikia, "Sawa, baba," na jioni ile aliunguza ugali, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Mimi nilijua kuchapa. Likizo zote nilikuwa nashukia mjini, mtaa wa Mwembesongo, kwa mjomba wangu aliyekuwa na duka la kutoa fotokopi na kuchapa barua, na vidole vyangu vilikuwa vimezoea. Basi nikawa natoka shule, nakula haraka, nakaa kwenye kile kiti nikiwa nimekalia khanga iliyokunjwa mara nne ili nifike. Mama alisoma kadi, mimi nachapa. Sista alijua, akanyamaza. Ule ulikuwa wakati mzuri. Sauti yake ikisoma majina, mvua juu ya bati, harufu ya kahawa ya Sista ikija kutoka chumba cha pili. Nilijiona mtu mkubwa. Moyoni nilianza kumwonea Mama huruma, na huruma ile, nikiitazama sasa, ilikuwa na dharau kidogo ndani yake.

Alasiri moja tulikuwa kwenye herufi M. Mwanamke aliletwa ana uchungu wa kuzaa, na Nesi Zainabu, mgeni aliyetoka Ngerengere mwezi ule ule, akamwita Mama amsaidie kumshika. Mama aliniachia lundo la kadi. "Endelea taratibu. Ukikwama, subiri nirudi."

Nilikwama kwenye Maria Mkude wa pili. Niliandika jina na mwaka, na kijisanduku cha Kiingereza kikaruka katikati ya kioo. Nilielewa neno moja tu, lile la kukubali. Ningeweza kusubiri. Lakini lundo lilikuwa linapungua vizuri, na nilitaka Mama akirudi akute limekwisha, ashangae. Nikakubali. Kijisanduku kikatoweka, kompyuta ikatoa mlio mdogo wa kuridhika, nami nikaendelea na kadi iliyofuata. Mtoto wa yule mwanamke alilia chumba cha pili. Mama alirudi ana jasho usoni, akaona meza tupu, akanishika shavu.

Wakaguzi walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Kadi zikafungwa kwenye maboksi, zikapelekwa stoo ya kanisa, kwa sababu Bwana Erasto alisema zikibaki karibu watu hawataizoea kompyuta.

Miezi ilipita. Siku moja Mama alishuka mjini kwenye msiba. Siku hiyo hiyo Maria wa Mtoni akaja, amevimba mguu, homa imempanda. Nesi Zainabu alikuwa mwangalifu, sitaki mtu amfikirie vibaya. Alitafuta jina kwenye kompyuta, akalikuta, hakuna onyo lolote. Hata hivyo akamwuliza, kuna dawa inayokudhuru? Maria wa Mtoni akamjibu kwa uchovu, na hii niliisikia mwenyewe kwa sababu nilikuwa pale mlangoni na daftari langu la shule: "Si mmeshaniandika humo, mwanangu?"

Akachomwa. Sikuhesabu muda. Nakumbuka midomo ikivimba, mikono ikitafuta kitu hewani, sauti kama ya mtu anayevuta maji kwa mrija uliobanwa. Sista Koleta alikuja mbio na sindano nyingine, akapiga magoti juu ya saruji, akiomba na kufanya kazi kwa pamoja. Wanaume wanne wakamfunga Maria kwenye machela wakashuka naye mpaka barabarani, kwenye utelezi ule. Alilazwa mjini wiki tatu. Alipona.

Bwana Erasto alirudi. Aliifungua kompyuta mbele ya Sista na Mama, milango ikiwa wazi, nami nikiwa barazani nachambua maharage. Aliwaonyesha kwamba watu wawili walikuwa wameunganishwa wakawa mmoja, na onyo la wa pili halikuhamia. Mashine yenyewe iliuliza, akasema, na mtu akakubali. Jina la aliyekubali lilikuwa la Mama, kwa sababu jina la kuingilia lilikuwa moja tu.

"Felista," Sista aliuliza, "ni wewe?"

Nilisikia nyuki kwenye maua ya Sista.

"Ni mimi, Sista," Mama alisema. "Nilibonyeza bila kusoma."

Mtaniuliza: hukukumbuka kile kijisanduku? Naapa sikukumbuka. Nilikuwa nimekubali visanduku vingi, na kwangu kile kilikuwa kama jiwe moja njiani. Tena Mama mwenyewe alisema ni yeye, na kompyuta, ambayo haina upendeleo, ilisema ni yeye. Nilichokihisi barazani pale ni aibu. Nilimwonea aibu mama yangu wa darasa la saba na kidole chake kimoja.

Aliachishwa kazi. Tulishuka Mwembesongo tukakaa kwa mjomba, na Mama akawa anauza njegere na karoti zilizoshushwa kutoka kule kule milimani. Shuleni walipouliza kwa nini tumehama, nilijibu kwamba mama yangu hakujua kompyuta. Nililisema kwa miaka mingi. Nililisema hata mbele yake, siku moja, nikimwonyesha rafiki yangu namna ya kutumia simu: "Usiwe kama Mama." Mama alicheka pamoja nasi.

Nikasoma. Nikaingia chuo, nikachagua kompyuta, na Mama alilipia kwa njegere. Mwaka wa pili, darasani, mhadhiri alikuwa anatufundisha namna kanzidata inavyoshughulika na watu wenye majina yanayofanana. Akatupa mfano ukutani. Kikaruka kijisanduku. Kilikuwa cha namna ile ile, na sasa nilijua Kiingereza chake. Nilikaa pale nikihisi khanga iliyokunjwa mara nne chini yangu, na mtoto mchanga akilia chumba cha pili. Nilitoka darasani sijaaga.

Mama alikuwa nyumbani anamenya njegere. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia, "Mama, aliyemponza Maria wa Mtoni ni mimi."

Hakuacha kumenya. "Ulikuwa na miaka kumi na moja," alisema.

"Ulijua?"

"Siku ile ile Bwana Erasto alipotuonyesha. Nilijua lundo lile nilimwachia nani."

"Kwa nini hukusema?"

Hapo akanitazama, kama aliyechoka na swali kabla halijaulizwa. "Niseme nini, Anitha? Kiti kilikuwa changu, nikainuka nikamweka mtoto. Kosa ni langu, hapo sikudanganya. Na wewe ulikuwa unaipenda ile mashine. Ningekuambia, usingeigusa tena."

Wiki iliyofuata nilipanda mlima peke yangu. Maria wa Mtoni alikuwa amezeeka, mguu mmoja haukunjiki vizuri, lakini upole wake ulikuwa pale pale. Nilimwamkia shikamoo nikapiga magoti, nikaanza kueleza kuhusu majina na mifumo, nikachanganya, nikalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama sikumbuki.

"Mama yako alishakuja," alisema. "Niliporudi tu kutoka hospitali. Alipiga magoti hapo hapo ulipo, akasema, mtoto wangu amekukosea, na mimi nimekukosea zaidi. Nikamwambia yameisha. Wewe ulikuwa nje."

Nikakumbuka. Ilikuwa safari ndefu, nami nilinung'unika njia nzima. Nilitaka kujua kwa nini twende kwa huyo mama, kwani yeye ni ndugu yetu? Mama alisema tunakwenda kusalimia mgonjwa. Niliachwa uani na kitoto cha mbuzi, na nilicheza nacho mpaka nikasahau kuwa nimechoka. Alipotoka alikuwa na udongo magotini. Nilimwonyesha, nikamwambia, "Mama, umejichafua," na yeye akainama, akajipangusa, akasema ni kweli.